Kijumbe na Binti wa Mlalo

Mwanamke ninayemsimulia hapa simpi jina, kwa kuwa kisa chake kimo katika nyumba nyingi kuliko zile zinazokubali kukisema. Tumweke Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, kuanzia ya kwanza hadi ya ishirini na moja, zilizonyooka hata mgeni anayejua kuhesabu hapotei. Tumpe miaka 74, ujane, nyumba ya vyumba sita yenye wapangaji wawili, na chuma cha vitumbua kinachopata moto kabla ya adhana ya alfajiri. Mtaani wamezoea kumwita kwa cheo chake: Kijumbe. Ndiye anayeendesha mchezo wa wanawake 20. Kila mmoja hutoa shilingi 2,000 kwa siku, na kila baada ya siku 10 mmoja wao hupokea laki nne. Daftari hana. Kichwani mwake anajua nani ametoa, nani anadaiwa ya jana, nani ameomba kubadilishana namba na mwenzake kwa sababu mtoto anaanza sekondari.

Watoto wake wawili ni watu wazima wenye shughuli zao. Wa kiume anafanya kazi bandarini, anakaa Makorora, na hupita Ijumaa baada ya swala. Wa kike yuko Dar es Salaam na hupiga simu kila jioni. Anayelala na kuamka na Kijumbe ni binti wa kazi, msichana wa miaka 19 kutoka Mlalo, huko juu Lushoto, aliyetafutiwa kazi na shangazi yake. Ndiye anayekuna nazi, ndiye anayesaga mchele uliolowekwa usiku, ndiye anayetumwa dukani, na ndiye aliyeona kwanza.

Alichokiona kilikuwa kidogo. Alfajiri moja Kijumbe alimwuliza kama nazi imeshakunwa. Imeshakunwa, bibi. Kabla sinia la kwanza halijajaa akauliza tena, kisha akauliza mara ya tatu. Binti hakushtushwa sana na kurudiwa kwa swali, maana wazee hurudia. Alishtushwa na sauti. Kila mara bibi aliuliza kama mtu anayeuliza kwa mara ya kwanza, bila kusita, bila kujicheka, bila kusema "hivi si nimekuuliza?"

Uzee hupunguza mwendo wa akili, na hilo halina dawa wala halihitaji. Mzee mwenye afya husahau jina la jirani wa zamani, likamjia akiwa anatawadha. Huweka miwani asijue wapi, kisha akaifuata kwa kurudia hatua zake: nilikuwa ukumbini, nikaingia jikoni, basi itakuwa juu ya kabati. Huchelewa kuizoea simu mpya. Yote hayo anayajua na kuyalalamikia mwenyewe. Maradhi huja kwa namna nyingine. Jambo la asubuhi halimo kabisa, na hata ukimkumbusha halirudi. Hatua za kurudia hazipo. Kazi aliyoifanya miaka arobaini inamkatikia katikati. Tena mara nyingi wanaolalamika ni watu wa pembeni, yeye mwenyewe anaona hana neno. Mzee akikwambia "siku hizi nasahau sana" usimpuuze, lakini yule anayesahau kwamba anasahau ndiye wa kukimbiliwa.

Binti alisubiri Ijumaa. "Shikamoo kaka. Samahani, naona bibi siku hizi anarudia maneno. Na juzi aliweka pesa za mchezo kwenye kopo la iliki, halafu akasema hajaziona."

"We binti, umekuja hapa kufanya kazi au kumpima mama yangu akili?"

"Nisamehe, kaka." Tangu siku hiyo akanyamaza.

Adabu yetu ya kutomsemea mzee siilaumu. Imesitiri wazazi wengi na imewafanya vijana wetu wawe watu. Lakini adabu hiyo hiyo, tusipoiangalia, humziba mdomo mtu mmoja ambaye neno lake ndilo lingemwokoa mzee mwenyewe, na mtu huyo mara nyingi ni mdogo wa nyumba: mkwe, mjukuu, binti wa kazi. Mwenye kauli hupita Ijumaa. Asiye na kauli ndiye aliyepo usiku.

Jioni simu ya Dar es Salaam ilipolia, Kijumbe alisikika mzima kabisa. Aliitikia marahaba kwa sauti ya kuvuta, akauliza "watoto hawajambo?" bila kumtaja hata mmoja, akaomba dua, kisha akasimulia Desemba 1961: yeye mtoto wa miaka 10, baba yake amembeba mabegani kutoka kambi ya mkonge kwenda kutazama sherehe za Uhuru. Aliikumbuka hata rangi ya gauni alilovaa. Binti yake alikata simu ameridhika. Mama anayekumbuka ya 1961 atashindwaje kukumbuka ya leo?

Atashindwa, na sababu inajulikana. Maradhi ya Alzheimer, ambayo ndiyo chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya dimensia zote, kwa kawaida huanza kuharibu sehemu ndogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, usawa wa masikio, inayopokea mambo mapya na kuyahifadhi. Yaliyokwisha kuhifadhiwa zamani, yakasimuliwa mara nyingi, hudumu miaka mingi baada ya hapo. Kwa hiyo kisa cha Uhuru hakimpimi mtu. Kinachompima ni maswali ya karibu: mchana mlikula nini, nani alikuja jana, shangazi alisema nini kwenye simu. Kisha awepo mtu wa kuthibitisha jibu, kwa sababu mtu mwerevu, na Kijumbe alikuwa mwerevu, huliziba pengo kwa jibu linaloelekea kuwa kweli.

Vitumbua vikaanza kulala. Siku nyingine hamira haikutiwa, siku nyingine chumvi ilitiwa mara mbili. Wateja wakasema hamira za siku hizi hazifai. Mama mmoja wa mchezo akadai kwamba ametoa na hakuhesabiwa. Wenzake wakasema huyo naye ana maneno. Kila tukio lilipata udhuru wake, na kila udhuru ulitosha kwa siku hiyo. Ndiyo maana miaka inapita. Hakuna aliyeketi akayaweka matukio hayo pamoja, ila msichana mmoja ambaye hakuulizwa.

Kisha ikafika zamu ya namba 11 kupokea, na laki nne hazipo. Kijumbe akaapa kwamba aliziweka chini ya godoro. Wanawake wakasema ni chuma ulete, yule asemekanaye kuvuta pesa za wafanyabiashara kwa uchawi. Akaitwa mganga, akalipwa elfu hamsini, akasema mwizi yumo humo humo ndani. Kijumbe akadakia: "Ni huyu msichana. Na mkufu wangu kauchukua yeye."

Hakusema uongo, na hili ndilo gumu kwa familia kulielewa. Mtu mwenye maradhi haya huhisi vitu vinampotea, basi huvificha ili visipotee. Kule kuficha hakuhifadhiki kichwani. Anapovitafuta anakuta hakuna, na akili ya binadamu haikubali kitu kutoweka bila mtu. Anayelaumiwa ni aliye karibu. Mwaka 1901, huko Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alianza kumchunguza mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter. Katika maelezo yaliyochapishwa 1907, mwaka mmoja baada ya mgonjwa huyo kufariki, daktari aliandika kwamba dalili ya kwanza iliyoonekana ilikuwa ni kumwonea wivu mumewe. Kumbukumbu ikafuatia kudhoofika kwa haraka, akawa anapotea ndani ya nyumba yake mwenyewe, anahamisha vitu huku na huku na kuvificha. Tuhuma zilitangulia usahaulifu. Mzee asiye na tabia hiyo anapoanza kuwashuku watu wa nyumbani kwake, huo nao ni mwito wa kwenda hospitali, hata kama bado anakumbuka mengine yote.

Mganga yule angeweza kumtaja jirani, bibi mwingine mwenye mvi, na hapo pangemwagika damu. Kilifi, ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, wazee wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa ardhi, hata yakafunguliwa makazi ya kuwanusuru kama yale ya Kaya Godoma. Mzee aliyepotewa na akili hutoka usiku bila nguo, akasimama mlangoni kwa watu asijue kujieleza. Mwenye nyumba akishaamini uchawi, haoni mgonjwa. Nimeitaja Kilifi kwa sababu kulichelewesha jina la kweli la maradhi ni kuyaachia majina mengine nafasi, na mengine hayo yana panga mkononi.

Kwa Kijumbe panga halikuwepo. Palikuwa na begi la binti likimwagwa uani mbele ya wapangaji. Hakikupatikana kitu. Akapandishwa basi la Lushoto bila mshahara wa miezi miwili, na kabla hajashuka, simu ilishamfikia shangazi yake: mtoto wenu mwizi.

Wiki kadhaa baadaye, kuelekea Idi, mke wa yule mtoto wa kiume alikuja kupika pilau. Alipochota mchele kwenye pipa, kikombe kikagonga fundo la kanga. Ndani yake zilikuwemo laki nne kamili, na mkufu. Alimwita mumewe, wakazitazama fedha zile pamoja. Mume akasema wanyamaze, mama asiaibike. Namba 11 alikuwa ameshamlipa yeye kutoka mfukoni mwake, basi jambo limekwisha.

Hapa ndipo ninapomlaumu. Kabla ya hapo alikuwa hajui, na kutojua kuna msamaha. Siku ile alijua mambo mawili kwa pamoja: kwamba mama yake ni mgonjwa, na kwamba mtoto wa watu hana hatia. Akayafukia yote mawili kwa kitendo kimoja. Aibu ya mama ilisitiriwa kwa jina la msichana, na mama mwenyewe hakupata chochote katika sitara hiyo, maana miezi iliyofuata ilikuwa miezi ambayo angeweza kutibiwa.

Alikuja kupelekwa hospitali baada ya kupotea akitoka soko la Mgandini. Barabara alizozihesabu tangu usichana zilimgeuka, akaonekana saa kumi jioni amekaa barazani kwa watu asiowajua, kikapu magotini, akisema anamsubiri mama yake. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akila vitumbua vyake ndiye aliyemrudisha. Binti yake akaja kutoka Dar es Salaam, akalala naye chumba kimoja kwa wiki nzima, na akaona ile simu ya kila jioni ilivyomdanganya. Usiku wa saa nane alimkuta mama amevaa baibui, yuko tayari kwenda kambi ya mkonge.

Walipita dirisha la wazee, wakaingia kwa daktari. Mtoto wa kiume akaanza yeye: "Daktari, huu si ule umri dhalili tu?" Daktari alikuwa mtu wa pwani, akamjibu kwa lugha yake. Tunafundishwa kumwomba Mungu atukinge tusirudishwe kwenye umri huo, akasema, kwa hiyo si fungu la kila mzee. Wazee wengi hufika miaka 80 bila maradhi haya. Kisha akauliza swali lake: "Yalianza lini? Na yalianza ghafla, au taratibu?"

Swali hilo lina uzito kuliko mashine nyingi. Kuchanganyikiwa kunakoingia kwa siku moja au mbili ni dharura: huenda ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, sukari iliyoshuka au dawa, na mzee anaweza kupona kabisa akiwahishwa. Kunakoingia kwa miezi na miaka ni dimensia, au jambo linalofanana nayo. Kaka mtu akasema yalianza Idi. Dada mtu akasema mwezi huu. Wakatazamana.

"Nani anaishi naye?"

Wakakaa kimya. Kisha dada mtu akasema: "Palikuwa na binti wa kazi."

"Mpigieni."

Nampenda daktari huyu, na ningetamani kila chumba cha daktari kiwe na mmoja wa namna yake. Alijua kwamba katika maradhi haya mgonjwa hawezi kueleza historia yake, na kwamba shahidi wa kweli ni mtu aliyeishi naye, awe na cheo au asiwe nacho. Binti alipokea simu. Alisalimia. Hakuuliza habari za begi. Akaeleza kwa utaratibu, kwa kufuata sikukuu: baada ya Maulidi ya mwaka juzi maswali, kufikia Ramadhani pesa kwenye kopo la iliki, baada ya mfungo hamira. Dawa za presha bibi alikuwa akisahau kama amemeza, siku nyingine anameza mara mbili, siku nyingine hamezi. "Na zile piritoni."

"Piritoni gani?" daktari akauliza.

"Za kumpa usingizi. Alikuwa ananituma duka la dawa kila wiki. Mbili kila usiku, tangu nimefika hapo."

Watoto wawili hawakuwa na habari hiyo. Piritoni ni dawa ya mafua na mwasho, huuzwa kama njugu, na wazee wengi huitumia kwa usingizi. Lakini huzuia kemikali ile ile ambayo ubongo unaihitaji katika kumbukumbu, na ubongo uliokwisha kudhoofika hupungukiwa nayo zaidi. Dawa nyingi za usingizi nazo huleta ukungu kama huo. Daktari akaandika. Akaagiza vipimo vya sukari, tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU, na picha ya ubongo, kwa sababu kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuonyesha chanzo kinachotibika, ikiwemo damu iliyovilia ubongoni baada ya kuanguka. Akauliza pia kama bibi huwa analia, amekata tamaa, hali vizuri. Msongo wa huzuni kwa mzee huweza kujifanya dimensia.

Kwa kuwa Kijumbe hakusoma sana, hakupewa karatasi ya kuandika. Aliombwa aeleze daraja ni kitu gani, ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, apange njiti za kiberiti kama zilivyochorwa, na ashike maneno kumi ayataje tena baadaye. Wanyama alitaja wachache. Njiti zilimtatiza. Katika maneno kumi hakurudisha hata moja, wala hakukumbuka kwamba aliambiwa maneno. Vipimo vya namna hiyo vimefanyiwa kazi hapa hapa Tanzania, wilayani Hai, Kilimanjaro, ambako watafiti waliwafikia wazee wa miaka 70 na zaidi vijijini kwao na kukuta dimensia kwa asilimia 6.4. Wengi wa waliokutwa nayo walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba ni maradhi. Kwa ulimwengu mzima, Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa milioni 57 mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Majibu yalikuja mchanganyiko, kama yanavyokuja mara nyingi. Dimensia ilikuwepo: dalili za Alzheimer, pamoja na mishipa midogo ya ubongo iliyochoshwa na presha isiyotibiwa sawasawa. Piritoni zilisimamishwa. Dawa za presha zikatiwa kwenye kisanduku chenye kijumba cha kila siku, funguo kwa dada mtu, ambaye alihamia Tanga. Baada ya wiki chache Kijumbe alikuwa akilala bila kidonge, mazungumzo yake yamenyooka kidogo, kutangatanga usiku kumepungua. Hakurudi alivyokuwa. Dawa ya kuyaondoa maradhi yenyewe haipo, na daktari hakuwaficha. Akawaambia wautumie muda aliobaki nao mama angali anaelewa: aseme mwenyewe nani ashike fedha, hati ya nyumba ikae wapi, wosia wake uweje, mbele ya wakili na mashahidi, asije mtu akamshikisha wino gizani. Wamsimamishie kazi ya hesabu, wasimsimamishie kazi zote. Mchezo akaukabidhi kwa namba 4, alimchagua yeye. Vitumbua anakaanga, mwingine anapima. Na akisema ameibiwa, wasibishane naye. Wainuke wakatafute pamoja.

Yalibaki ya Mlalo. Kaka na dada walipanda kwa baba wa binti wakiwa na mshahara wa miezi miwili na fidia juu yake. Kaka akasema: "Niliyomsingizia binti yenu si kweli. Na nimejua kwamba si kweli tangu Idi." Baba akauliza Idi ipi. Alipoambiwa, akakaa kimya kidogo, kisha akamwita binti aje asikie mwenyewe. Binti alisikiliza, akasema amesamehe, Tanga harudi. Akamgeukia dada mtu, akamtajia mahali bibi anapopenda kuficha: kopo la iliki, pipa la mchele, kwenye foronya ya mto wa kulalia. Waanzie hapo.

Baba akapokea fedha, akazihesabu. Akasema maneno yale hayatoshi kusemwa sebuleni kwake. Yasemwe kwa shangazi aliyemtafutia binti kazi, na kwa wapangaji waliotazama begi likimwagwa. Kaka akakubali. Siku ile ile akampigia shangazi simu mbele ya wote. Jumapili akawaita wapangaji uani, akawaeleza fedha zilipatikana wapi, zilipatikana lini, na nani aliyenyamaza.